Kadi Aliyoichagua Baba

Tassia, Nairobi
Jumamosi

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumai barua hii itakukuta umeketi, si umeinama shambani na hayo magoti yako. Sisi huku tu wazima. Maji yanakuja siku yakipenda, lakini yanakuja. Na yule ng'ombe, amezaa au bado anatuchezea? Elsie, mwenzangu wa kiwandani, anasafiri kesho kuja huko nyumbani, nimempa barua hii pamoja na sukari na ile leso uliyoniagiza.

Najua utashangaa, Triza ana simu, barua ya nini? Mama, nyumba yetu ni chumba kimoja na pazia. Nikiongea na wewe, Baba yuko pale kitini anasikia mpaka ninavyomeza mate. Na yale mawili uliyoniuliza si ya kujibiwa mbele yake. Uliuliza kwa nini hataki kushika simu aongee na wewe, kama amekukasirikia kwa kumtuma Nairobi kutibiwa. Tena ukauliza umjibu nini Javan, yule kijana ambaye kikundi cha ngoma za isukuti kinataka apewe ngoma kubwa ya Baba, maana sherehe za Desemba zinakaribia na ngoma imenyamaza tangu kiharusi kimshike mwenyewe. Ngoja nikueleze polepole, kwa sababu huku nimeona maajabu.

Unamjua mume wako. Alipofika hapa mkono wa kulia ulikuwa unaning'inia tu, na ulimi mzito, neno moja linamtoa jasho. Kliniki wakampa kampira ka kufinya kila asubuhi. Wiki haikuisha, akakarusha nje kwa mkono wa kushoto, kakatua kwenye karai la yule mama anayekaanga mihogo pale chini. Ni mimi niliyeshuka kuomba msamaha. Nikamwambia Baba ukweli, kwamba nashinda kiwandani nikishona nguo, sina nguvu ya kurudi kulea mtoto wa miaka sitini na nane. Akageukia ukuta.

Sasa kuna Kawsar, jirani yangu wa mlango wa pili, anauza mapazia Eastleigh. Ni mwanamke mzima, ana duka na heshima zake, lakini akishika simu anakuwa mtoto. Anacheza mchezo mmoja wa muziki kutoka Japani. Viduara vinashuka kwenye kioo cha simu, na wewe unavigusa sawasawa na mdundo. Ukikosa, uhai wako unapungua, kuna mstari wa kijani pale juu unaouonyesha. Ukiisha, wimbo unakatika, umeshindwa. Kabla ya kuanza unachagua kadi tano, kila kadi ina picha ya mwanamuziki wa kuchorwa, wengine nywele za buluu, wengine za waridi, na kila mmoja ana namna yake ya kukusaidia. Kadi hizo unazivuta kwa bahati nasibu, na zenye nyota tano hazipatikani ovyo. Kawsar hufumba macho kabla ya kuvuta, na bado hupata takataka.

Jumapili moja alikuwa kwetu akicheza. Baba akageuka kutoka ukutani. Mkono wa kushoto ukaanza kugonga goti, pole pole, halafu kwa nguvu. Sikuamini. Tangu aje sikuwa nimesikia mdundo wowote kwa yule mzee. Kawsar akamwekea mchezo kwenye simu yangu ya zamani, akailaza mezani, na Baba akaanza.

Lakini wapi! Kwa mkono mmoja, viduara vya upande wa kulia vilimpita vyote. Uhai unaisha, wimbo unakatika. Anaanza tena, unakatika. Alitukana kwa Kiluhya matusi ambayo sikujua unayaruhusu nyumbani kwako.

Halafu mchezo ukaadhimisha mwaka wake, na kila mchezaji akapewa zawadi ya kuchagua kadi moja aitakayo, bila bahati nasibu. Wee! Kawsar alikuja mbio hata viatu hakuvaa. Akamwonyesha Baba kadi ya Seira, msichana wa gitaa, nyota tano, anayeongeza pointi maradufu. Kila mtu anamtaka, Kawsar mwenyewe amemtamani tangu aanze kucheza. Mimi pia nikasema ni huyo huyo, nywele zilivyokuwa zinang'aa! Baba akatutazama, akapitisha kidole chini, chini kabisa, akasimama kwa kasichana fulani ka miwani, nyota tatu tu, kameshika kigoma ambacho hata hukioni vizuri. Kazi yake ni moja, ukikosa, kanakurudishia uhai kidogo. Kawsar akashika kichwa, akamsihi mzee asiharibu zawadi, kwamba hako hakuna anayekataka. Baba akabonyeza. Kawsar karibu alie.

Kisha akatueleza, na ilichukua muda, nasi tukangoja. Alisema yule Seira humwongezea anayepata. Yeye hapati, yeye huanguka, kwa hiyo anamhitaji wa kumwinua.

Siku hiyo hiyo alimaliza wimbo wake wa kwanza. Mstari wa kijani ulishuka mpaka nikafumba macho, kasichana kakaujaza kidogo, ukashuka, kakaujaza tena, hivyo hivyo mpaka mwisho. Kawsar alipiga vigelegele, jirani wa chini akagonga dari. Na kwa kuwa wimbo haukukatika tena, Baba akaanza kufika zile sehemu za mbele za wimbo zinazotaka mikono miwili.

Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho sijui nikuelezeje. Jumamosi moja nimetoka kazini mchana, mfuko wa sukuma wiki mkononi, nafungua mlango, nakuta mikono juu ya meza. Yote miwili! Kidole cha kulia kilikuwa kinatetemeka, kinachelewa, lakini kinainuka chenyewe na kushuka chenyewe. Mkono ule nimeuosha na kuuvisha shati kila siku kama kitu kisicho na mwenyewe, na sasa una mwenyewe. Nilisimama pale mlangoni machozi yakinitoka. Baba, bila kuinua macho, akaniambia nifunge mlango, nzi wanaingia.

Kliniki wakamkunjua vidole kimoja kimoja, wakashangaa, wakauliza tumefanya nini. Baba akawaambia amefinya kampira.

Basi nikaona jibu la Javan liko wazi, akae mbali na ngoma, mwenyewe anarudi. Nilipomwambia Baba hivyo, akatikisa kichwa. Anasema ngoma kubwa apewe Javan, ana mikono. Yeye aachiwe ile ndogo, ile aliyokuwa akiwapa wanaojifunza na kuwacheka. Anasema wa kubwa akichoka au akipotea njia, ni wa ndogo anayemrudisha kwenye wimbo. Mama, huyu ni mumeo Luseno aliyekuwa hakubali mtu aguse ngoma yake hata kuifuta vumbi! Nilimtazama kana kwamba ndiyo kwanza namwona. Mjibu Javan hivyo, na ile ndogo uiangalie kama ngozi yake bado imekaza.

Sasa la simu, na hapa navunja ahadi, kwa sababu alinikataza nisikuambie. Hajakukasirikia. Anaona haya. Hataki usikie ulimi wake ukijikwaa, wewe uliyempenda kwa maneno yake, ndivyo alivyosema. Kila asubuhi nikichemsha chai, yeye yuko nyuma ya pazia anafanya mazoezi ya jina lako. Be, anakwama. Beldi, anakwama. Anadhani sufuria inaniziba masikio. Na kale kasichana ka miwani, mchezo unakuruhusu kukaita jina ulipendalo. Nilichungulia. Amekaita Beldina.

Jumapili ijayo, si hii ya kesho, baada ya ibada atakupigia mwenyewe. Atajifanya simu imejipiga. Nakuomba kitu kimoja tu. Akikwama, usimmalizie neno. Najua utataka, hata mimi hutaka sana. Ngoja hapo hapo, asikie unapumua, mpaka alifikie jina lako mwenyewe.

Wasalimie wote hapo bomani, na ng'ombe pia. Kawsar anakusalimu sana. Barua hii uifiche, asije akajua.

Ni mimi binti yako akupendaye,
Triza