Kinga Iliyozidi

Nyumba ya kona, nyuma ya kiwanda cha sabuni,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu tele kutoka kwenye meza ile ile inayoyumba. Hujambo huko uliko? Mgongo umetulia? Shemeji na mapacha wanaiwezaje hiyo baridi? Sisi huku wazima, na mara hii naandika wazima bila kukudanganya.

Maana nilikudanganya, ndugu yangu. Mwaka mzima uliniomba picha ya mwanetu Chapchap, nikasema kamera ya simu imekufa. Kamera ilikuwa nzima.

Alianza na doa jeupe kwenye kidole gumba. Likaenea mikono yote miwili, likapanda pembeni mwa mdomo. Hatujakaa sawa, nywele zikaanza kutoka mviringo mviringo kama sarafu, mpaka kichwa kikabaki kitupu, na nyusi zikafuata. Msusi hodari kuliko wote mtaani, hilo hata wasionipenda wanalikubali, sasa wateja wanaogopa vidole vyake kana kwamba vinaambukiza. Mmoja akamuuliza, "Na wewe za kwako umemwachia nani?" Akafunga saluni, akajifungia chumbani na kofia ya sufu.

Mimi nikafumua nywele zangu, nikafunga kitambaa. Nikamwambia kichwa hiki kina msusi mmoja tu, asiponisuka yeye nitakaa hivi hivi.

Daktari wa ngozi ndiye aliyetufungua macho. Yote mawili, alisema, ni kinga ya mwili imemgeuka mwenyewe, inashambulia rangi ya ngozi na mizizi ya nywele. Nami kumbe kila asubuhi nilikuwa namnywesha tangawizi na limau kumwongezea kinga. Daktari akacheka. "Mama, hiyo ya kwake haihitaji kuongezewa."

Jirani wa mlango wa pili kusikia neno kinga tu, akasambaza kwamba mwanangu ana upungufu. Nilimfuata kwenye foleni ya maji, nikasema wote wasikie: "Upungufu wapi? Mtoto wangu hajawahi kupungukiwa na kitu. Yeye imezidi."

Alipimwa damu kwanza, ndipo akapewa vidonge vya kuituliza hiyo kinga, kutwa mara mbili, na dawa ya kupaka mikononi. Hata sasa tunarudi kupimwa, maana kinga ikitulizwa mno, maradhi mengine hupata mwanya. Niliogopa, sikufichi. Miezi mitatu, kimya. Wa nne vikaota vinyweleo vyeupe kama manyoya ya kifaranga, nikalia nikidhani ule weupe umepanda kichwani. Daktari akasema tuwe na subira, rangi huja nyuma. Ikaja.

Leo nywele zake nyeusi zinashika chanuo. Nyusi zimerudi, pamoja na ile tabia ya kunikunjia. Mikononi vidoa vya kahawia vinajitokeza katikati ya weupe, ila ncha za vidole bado zina ukaidi. Daktari hasemi amepona, anasema dawa isiachwe bila yeye kujua. Mimi nasema amepona, lakini usimwambie daktari.

Jana mchana alitoka chumbani bila kofia, akavuta kiti. "Mama, fungua hicho kitambaa. Unaniharibia jina."

Nikakaa chini kati ya magoti yake. Chapchap ni yule yule: saa moja na nusu, mistari imenyooka kama ya daftari. Katikati machozi yakanitoka, akauliza kama ananivuta. Nikamwambia ndiyo, unavuta sana.

Hakuwa anavuta.

Picha imo ndani ya bahasha, tuko wote wawili vichwa wazi. Waonyeshe watu wa hapo, hata wasiouliza. Kesho kutwa anafungua saluni.

Nisalimie shemeji, mapacha, na binamu yetu Kimya, mwambie hata yeye aseme neno. Mungu awatunze kuanzia utosini hadi ncha za vidole.

Ni mimi dada yako nikupendaye, niliyesukwa kuliko wote mtaani,

Mama Chapchap