Shuka la Getini

Chumba cha Tatu,
Nyumba za Kiwandani.
Jumapili, tarehe 14.

Mpendwa dada yangu,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Na shemeji, bado anakoroma mpaka majirani wanalalamika? Sisi huku tunapumua. Siwezi kusema zaidi ya hapo, na utaona kwa nini.

Unakumbuka mama akiketi kidogo mchana, akisikia kikohozi cha baba anadaka ufagio? Sakafu imeshafagiwa mara nne, bado anafagia! Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Sasa nimekuwa yeye. Kiwandani tukisikia tu viatu vya meneja, hata aliyekuwa anakunywa maji anashika kitambaa.

Basi mwanao Machachari, huyu binti yangu asiyejua kufunga mdomo, akaja na jambo lake. Alileta shuka jeupe kwenye chumba cha kubadilishia nguo, akaomba kila fundi ashone mstari mmoja kueleza mara ya mwisho alipumzika wapi. Akasema hiyo ni sanaa, na ni mapambano pia. Nikamwambia ni uvivu uliotiwa nakshi. Akaniuliza, "Mama, wewe ulipumzika lini?" Nikamfukuza arudi kwenye mashine yake.

Mafundi kumi na tisa walishona. Alhamisi asubuhi tukalikuta shuka limetundikwa getini. "Chooni, dakika sita." "Wodi ya wazazi." "Siku ya kumzika mume wangu, wageni waliponilazimisha." Watu walisimama wakasoma, king'ora kikalia na hakuna mashine iliyowashwa. Hata mimi nililia, dada, mimi unayenijua.

Hakuna aliyeweka jina. Walidhani wamejificha. Wajinga wangu hawa! Miaka ishirini na mbili nakagua mishono yao, kila mmoja namjua kwa fundo lake. Machachari anazungusha uzi mara tatu kabla ya kukaza, nilimfundisha mwenyewe. Na meneja anajua kwamba najua. Aliliweka shuka mezani kwangu taratibu, akaniita mama. "Nenda nalo nyumbani. Jumatatu niletee majina pamoja na shuka lenyewe. Nitamwita mkaguzi wa kiwanda kingine ahakikishe."

Tangu hapo mambo si mazuri. Mlinzi haitikii salamu. Mashine ya Mama Pacha, aliyeonekana karibu na geti siku ile, imefunikwa turubai, na simu yake inaita tu bila kupokelewa. Jana gari la kiwanda lilishinda limeegeshwa mbele ya chumba changu. Aliyemo hakushuka. Leo lipo tena. Naogopa, sikufichi.

Machachari nimemficha kwa shoga yangu, nami nimejifungia ndani siku mbili. Nimefumua mistari yote kumi na tisa, nikaishona upya kwenye matundu yaleyale, kwa mkono wangu na fundo langu. Aje mkaguzi yeyote, ataona kazi ya fundi mmoja. Chini nimeongeza mstari wa ishirini: "Sijawahi." Nikaweka na jina langu lote. Orodha ya meneja nimeshaiandika, ina jina hilo tu.

Nilipomaliza asubuhi hii, jua limeshawaka, nikajilaza. Viatu vikapita nje, mkono wangu ukaanza kutafuta ufagio. Nikaurudisha tumboni, nikalala nusu saa nzima. Kwa hiyo mstari wangu sasa ni uongo, lakini sifumui tena, vidole vimechoka.

Barua hii inatangulia na dereva wa basi la mchana. Machachari anafuata na la jioni. Angejua nilichofanya asingeondoka, kwa hiyo nimemdanganya kwamba unaumwa sana na huna wa kukuuguza. Nisamehe. Mshikilie huko mpaka usikie kutoka kwangu. Usiposikia, mshikilie zaidi.

Nisalimie shemeji na wajukuu wote, na yule jirani yako mpenda umbea, ila usimsimulie haya. Mungu akutunze, akupe miaka mingi.

Nina ombi moja la mwisho, na najua ni jambo ambalo hujawahi kulifanya maishani mwako. Machachari akibisha hodi, usikimbilie ufagio. Akukute umelala.

Ni mimi, mdogo wako,
nikupendaye kuliko ninavyosema.