Nani Yuko Mlangoni

Katandala, Sumbawanga
2 Machi 1975

Babu Polikarp,

Shikamoo. Sikuulizi kama u mzima, maana anayekula ugali wa ulezi aliousaga mke wangu hana sababu ya kuumwa. Huyo Bibi Luciana mwambie mume wake kijana anamsalimu, na ukiona wivu kunywa maji. Mimi sijambo. Baridi tu inanikata masikio, na kazi ya kuziba pancha inaendelea.

Babu, nimekuwa mtu mkubwa. Niko kwaya ya vijana hapa parokiani, na hatuimbi kama wanakwaya wako wanaosimama kama nguzo za ua wakikodolea macho ule ubao wa do-re-mi. Sisi tuna gita. Mwenye gita ni Anyosisye, karani wa bohari, Mnyakyusa wa Mbeya. Yeye ni Mmoraviani lakini Padre amefumba macho. Nyimbo natunga mimi. Herufi zako za noti sizijui wala sizihitaji, mimi nikisikia mara moja imekwisha. Kinanda chako waachie panya wamalize.

Sasa kaa vizuri: watu wa redio wanakuja na gari lao kurekodi kwaya, na wimbo wa kwanza ni wangu. Sauti yake nimeichukua humo humo nyumbani kwako. Mke wetu atacheka mwenyewe.

Mjukuu wako na mume mwenzako,
Flavian

Kalonje
23 Machi 1975

Mjukuu wangu,

Marahaba. Barua ililetwa na dereva wa lori la mbolea. Bibi yako nimemsomea, akasema mume asiyetuma hata kipande cha sabuni ni mume wa mdomoni. Magoti yanamsumbua, ila anakula vizuri.

Kuhusu ubao wangu, tania tu. Lakini usidhani nachukia mapya. Tulipoacha Kilatini, mimi ndiye niliyeingiza ngoma kanisani, na wazee wakasema nimeleta kilabu cha pombe altareni. Ninachochukia ni uvivu. Kwaya zenu za magita nazisikia kwenye redio ya duka la kijiji: neno moja linazungushwa kama ng'ombe aliyefungwa mtini, halafu makofi, halafu neno lile lile. Hakuna mahali pa kuvuta pumzi. Mtu mwenye msiba akisikiliza hapati pa kukaa.

Huku bado tunajenga. Tangu Operesheni Vijiji ituhamishie barabarani, bibi yako kila Jumamosi anabeba jembe na kurudi kwenye mahame, kule tulikokuwa tukiishi, kupalilia kaburi la mama yako Agnesi. Hataki kusindikizwa.

Sauti gani uliyoichukua nyumbani? Niandikie kabla hujarekodi.

Babu yako,
Polikarp

Katandala
4 Mei 1975

Babu mwenye maswali,

Shikamoo tena, na magoti ya mke wangu yapoe. Sabuni hiyo hapo, asiseme tena mimi ni mume wa mdomoni.

Barua yako imenikuta tumesharekodi. Babu, ungeona. Mzungusha mitambo mwenyewe alitikisa kichwa. Wimbo ni ule wa Bibi wa kwenye jiwe la kusagia, ule wa "Nani yuko mlangoni". Nimeusikia tangu nikiwa nabebwa mgongoni, lakini nilijua una kasoro. Bibi akishauliza "Nani yuko mlangoni?" ananyamaza, jiwe linakwenda na kurudi bila neno, ndipo anaendelea. Wimbo una tundu katikati kama ndoo mbovu. Kazi yangu ni kuziba pancha, nikaliziba. Sasa ni hivi: "Nani yuko mlangoni?" Makofi matatu, kwaya nzima "Haleluya", gita linapanda, "Yesu yuko mlangoni". Na mwendo nimeukaza, maana ule wa Bibi unalaza watu.

Utasikika Jumapili ya pili ya Juni, baada ya taarifa ya habari ya mchana. Mpeleke Bibi dukani, mkalishe mbele. Waambie wote mtunzi ni nani.

Mjukuu wako msanii,
Flavian

Kalonje
29 Juni 1975

Flavian,

Salamu zako tumezipata. Sisi tupo. Nimechelewa kuandika kwa sababu sikujua nianze wapi.

Tulikwenda dukani. Bibi yako alivaa kitenge cha Pasaka. Beda muuza duka aliweka betri mpya, na watu walijaa hadi nje. Gita lilipoanza hakuutambua, ila sauti ilipoingia alicheka, akanipiga kwenye paja, akasema, "Mwizi huyu." Mkafika kwenye "Nani yuko mlangoni?" Nikamwona anainama kuelekea redioni, kama mtu anayetega sikio kwenye ukuta. Yakaja makofi. Ikaja Haleluya. Akanyanyuka, akatoka. Watu walidhani ni furaha.

Flavian, ule haukuwa wimbo wa mtu mmoja. Mama yako na bibi yako walikuwa wakisaga wametazamana, kila mmoja na jiwe lake. Bibi anauliza, Agnesi anajibu. Ulipokuwa wa kubebwa mgongoni, mama yako alifariki, na bibi yako aliendelea kusaga peke yake, akamwachia nafasi yake. Uliloliziba ndilo hilo.

Walipotuhamisha, kaburi tuliliacha kule. Nafasi ile alihama nayo.

Sikulaumu kwa gita. Nakulaumu kwa kuona ukimya ukadhani ni ufundi uliopungua. Sasa ulezi anaupeleka mashineni. Nilimuuliza kwa nini, akasema, "Nikinyamaza, wanapiga makofi." Humu ndani hakuna anayepiga makofi, Flavian. Anayasikia mwenyewe kichwani.

Babu yako

Katandala
20 Julai 1975

Babu,

Shikamoo. Mzima mimi, nyie je?

Nilitaka kukujibu kwa hasira. Mngeniambia. Mtoto anayelala karibu na jiwe atajuaje kwamba kimya kile ni mama yake? Wenzangu walikuwa wanaitwa na mama zao jioni, mimi naitwa na Bibi, nikaona ndiyo kawaida ya dunia. Halafu hapa watu wananisimamisha njiani kwa ajili ya wimbo huu. Mama mmoja wa sokoni amenipa maharage bure. Na wao ni wajinga?

Lakini nimeshindwa kuuimba wiki hii. Nimemwambia Anyosisye koo linauma.

Mwambie mke wangu nakuja Krismasi. Nitakaa kwenye jiwe la Mama, nitasaga hata nikichekwa na kijiji kizima, yeye aulize, mimi nijibu. Ila maneno siyajui. Mama alikuwa anajibu nini? Muulize uniandikie, nijifunze kabla sijafika.

Mjukuu wenu,
Flavian

Kalonje
18 Januari 1976

Mjukuu wangu Flavian,

Natumaini safari ya Mbeya na kwaya ilikwenda salama. Tulisikia redioni kwamba mmeimba huko Krismasi. Bibi yako alikuwa amekuwekea jogoo.

Bibi yako hayupo tena, Flavian. Kifua kilimbana baada ya mwaka mpya, na mvua ilikuwa imekata barabara. Tumemzika hapa hapa kijijini. Kule mahame serikali haikuturuhusu.

Nilimuuliza maneno yale, kama ulivyotaka. Akasema, "Nitamwambia mwenyewe akija." Akafagia jiwe la mama yako, akaligeuza uso juu, tayari kusagiwa. Bado liko hivyo.

Na mimi usiniulize. Nililala nyumba moja nao miaka yote nikiwasikia asubuhi, na sikio langu la mwalimu wa kwaya lilishika noti tu. Maneno yalikuwa ya wanawake, sikuyajali. Jibu la mama yako lilikwenda hivi: s, m, r, kisha d ndefu. Hicho ndicho nilichonacho.

Kaburini wanawake walitaka kumwimbia wimbo wake. Walipofika kwenye "Nani yuko mlangoni?" wakapiga makofi matatu, wakajibu Haleluya. Hawakuwa na ubaya, ndivyo wanavyoujua. Nilinyanyua mkono kuwanyamazisha, kumbe mkono wenyewe ulikuwa umeshapiga kofi la kwanza.

Babu yako

Katandala
8 Februari 1976

Babu,

Shikamoo. Sina la kukutania leo.

Nilisema Mbeya ni siku chache, nitapita nyumbani nikirudi. Mvua ikakata barabara, nami nikafurahi kupata sababu, kwa sababu niliogopa uso wa Bibi.

Leo kwenye misa nimeuimba peke yangu. Nilimwomba Anyosisye aweke gita chini. Nikaenda na mwendo wa jiwe, taratibu, kama Bibi. Nikauliza, "Nani yuko mlangoni?" Nikafunga mdomo.

Kanisa zima likanisaidia. Makofi matatu, Haleluya. Walidhani nimesahau.

Herufi zako nimezitazama wiki nzima, s, m, r, d, sijui zinapanda au zinashuka. Anyosisye alitaka kunipigia, nikakataa. Nakuja Ijumaa na lori. Ubao uwe umeufuta. Unifundishe hizo nne, halafu Jumamosi twende mahame, jembe nitabeba mimi.

Nikibisha hodi, fungua tu. Usiniulize ni nani.

Flavian wa Agnesi