Usimtaje Tena Ambróz Redioni

Nyumbani, unapopajua,
Vrbianka.
9 Oktoba 1955.

Mpendwa mdogo wangu Vendelín,

Pokea salamu za dada yako. Natumaini u mzima. Kwa kweli sina haja hata ya kuuliza, maana kila jioni redio yenu ya Wamarekani huko Munich inapoanza kuongea, kijiji kizima kinasikia kwamba kifua chako ni kizima na chakula unakipata. Sisi huku tunaishi. Viazi vimetoka vizuri mwaka huu, na Mama bado anapanda mwenyewe ngazi za kanisani, ingawa goti linamsumbua.

Barua hii haipiti posta yetu. Nimempa mtu wa meli za mizigo za mto Danube, naye ataitumbukiza kwenye sanduku akifika Vienna. Usimtafute, usimshukuru, na nakuomba kwa heshima ya marehemu baba yetu usimtaje. Wewe una ugonjwa wa kutaja watu.

Naandika kwa sababu ya ulichokisema Jumapili iliyopita. Ulisema, kwa ile sauti yako ya kuimbia misa, kwamba shemeji yako Ambróz, shujaa wa Vrbianka, amerudi kutoka machimboni bila kuinamisha kichwa. Vendelín, una wazimu? Alhamisi yule bwana wa usalama, wa koti la ngozi, alikuwa mlangoni kwetu. Hakufoka. Aliketi jikoni, akavua kofia, akamwambia mume wangu, "Kumbe wewe ni shujaa, mzee. Mbona hukutuambia?" Ambróz alikuwa anamenya tufaha. Aliendelea kumenya mpaka hapakubaki tufaha la maana, na mimi nilikuwa naitazama mikono yake.

Bwana yule aliondoka bila kusema kama atarudi. Hivyo ndivyo wanavyofanya siku hizi.

Sasa nisikilize, kwa sababu naona habari zetu unazijua kwa namna inayofaa kusomwa redioni tu.

Mwaka juzi, wakati wa kupanda, wilaya ilitaka kila mwenye shamba atie saini kuingia ushirika. Ambróz hakutaka. Unamjua, akikataa haelezi sababu, anakwenda zake zizini. Na nani aliyemkinga? Kornel Duchoň, mwenyekiti wa kijiji, yule yule uliyeiba naye cheri za padri. Alikuja hapa akafunga mlango, akamwambia mume wangu, "Ambróz, jifanye mgongo unauma. Mimi nitawaambia wilayani una mgongo mbovu, saini yako itakuja ukipona. Tuvute siku. Huenda hata wao watachoka." Mume wangu akalala siku kadhaa akiguna, Mama akimpaka mafuta ya bata mzinga asiyoyahitaji, na sisi tukicheka chini kwa chini.

Ndipo wewe ukafungua mdomo. Ulisema Kornel ni mnyama anayewapiga wakulima mpaka watie saini. Kweli alimzaba kofi mtu mmoja, akiwa amelewa, na asubuhi yake alikwenda kumwomba radhi. Hilo hukulisema. Ukasema tena kwamba Vrbianka yupo mwanamume mmoja asiyepiga magoti, naye ni Ambróz, mume wa dada yako. Hapo redioni unajiita kwa jina la kubuni. La kwako umelificha, la kwetu umelitoa.

Kornel alikuja mwenyewe na wale wa wilayani. Alikuwa mweupe kama unga. Mume wangu akamwuliza, "Kornel, nawe?" Akajibu, "Ningefanya nini, Ambróz? Shemeji yako ameuambia ulimwengu kwamba mimi ni mnyama na wewe ni shujaa. Mgongo wako umeshapona, ndugu yangu, hata mimi siwezi kuuumiza tena." Wakapekua ghalani, wakakuta magunia ya mbegu, wakayaita nafaka iliyofichwa. Wakamchukua akiwa na ndala zake za zizini.

Walimpeleka kwenye machimbo ya urani. Sijui kama Wamarekani wako wanakueleza mambo haya. Mawe yale yanapanda treni mpaka kwa Warusi, na Warusi wanayatengenezea mabomu ya kuwaangushia hao hao wanaokulipa mshahara. Kwa hiyo mume wangu alikuwa anachimba mawe ya kukuulia wewe, kwa sababu wewe ulimsifu. Nimelifikiri jambo hilo mara nyingi nikiwa nakamua ng'ombe, na bado sijampata wa kucheka naye.

Yale maputo yenu ya kurushia karatasi angani pia yanatufikia. Mwaka jana yaliangukia shamba la viazi, karatasi zikatapakaa kila mahali, zimeandikwa kwamba hatuko peke yetu. Watoto wa shule walipangwa mstari wazikusanye, na mwalimu akasimama mwisho wa shamba kuangalia nani anasoma. Ukitaka kujua kama tulikuwa peke yetu, njoo ukae jikoni kwangu siku moja.

Binti yetu Gizela alikuwa amekubaliwa chuo cha ualimu. Walimwita wakamwambia nafasi imejaa. Sasa yuko zizi la ushirika, na katika ng'ombe anaowahudumia yumo Straka wetu, ambaye si wetu tena. Kwenye mkutano wa vijana walimwuliza kama ana mjomba nje ya nchi. Akajibu hana mjomba, wala nje wala ndani. Nilipomwambia hilo si neno la kusema, alinigeukia: "Mama, yeye akinitaja napoteza shule, mimi nikimkana napata kazi ya kuzoa mavi. Sasa nani kati yetu ni mzalendo?" Nikamwambia avue buti asinichafulie nyumba.

Nami walikuja kunichukua mwaka jana, majani yalipoanza kuanguka. Walinipeleka Bratislava kwa gari, kwenye chumba cha redio yao chenye kuta za kitambaa, wakanipa karatasi nikusomee wewe. Ilisema umeuza maziwa ya mama yako kwa dola. Palikuwa na mwanamke kijana, nadhifu, aliyenisikiliza kwa nyuma ya kioo. "Vizuri, mama," akaniambia, "lakini weka uchungu kidogo. Huyu si kaka yako?" Nikamwambia, "Binti, huyu ni mdogo wangu. Nikiweka uchungu nilionao mtambo wenu utapasuka." Akacheka, kisha akakumbuka pale ni wapi, akaniashiria nianze upya.

Nilisoma yote. Waliniahidi kwamba nikisoma Ambróz atafikiriwa, na mwaka huu majira ya kuchipua akafikiriwa kweli. Alirudi, akatia saini, shamba likaenda. Nawe baada ya kunisikia ulisimama pale kwenye redio yenu ukasema dada yako alisoma akiwa ameelekezewa bastola. Bastola haikuwapo, Vendelín. Palikuwa na mkate na nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi, nami niliila yote, kwa sababu nilikuwa na njaa. Na katika ile karatasi ilikuwamo sentensi moja niliyoisoma bila kufundishwa uchungu. Ilisema, "Ulikwenda, ukatuachia sisi tukulipie." Iliandikwa na mwongo, lakini ilikuwa kweli.

Usinielewe vibaya. Siwapendi hawa. Kipaza sauti chao kwenye nguzo mbele ya kanisa kinatuamsha kwa nyimbo za matrekta, na jioni wanarusha mngurumo hewani ili tusikusikie. Wao wananitaka niwe dada wa msaliti, ninyi mnanitaka niwe dada wa mashujaa. Hakuna upande hata mmoja ulioniuliza kama nina kuni.

Mama anakusikiliza. Tulimkataza, hasikii. Anafunika redio kwa mto, anaingiza kichwa chini ya mto, anakaa hivyo mpaka umalize. Siku moja nilimwuliza, "Anasema nini huyo mwanao?" Akasema, "Sijui anasema nini, mambo ya marais. Ana mafua. Huko hana hata mtu wa kumfunga skafu." Basi funga skafu.

Ninachokuomba ni kimoja, na sikuombi kama dada, nakuamuru kama niliyekulea Mama alipokuwa shambani. Sema habari za Moscow, sema za Washington, sema mabomu, sema upendavyo, hiyo ndiyo kazi uliyoichagua. Ambróz usimtaje. Anakohoa asubuhi mpaka anashika ukuta, na kitambaa anakificha nisikione, nami nakifua kila Jumatatu. Wakimchukua tena hatarudi. Ukimtaja tena nitajua umemuua kwa kujua, na hapo sitahitaji kupewa karatasi, nitakwenda Bratislava kwa miguu yangu.

Nimalizie na salamu, ingawa ni chache. Mama hakusalimu, kwa kuwa hajui kama naandika. Angetaka kukutumia soksi. Gizela hakusalimu, kwa kuwa hataki. Kornel walimtoa uenyekiti hata hivyo, yuko kwenye kiwanda cha matofali. Mkewe nilipokutana naye kisimani aliniuliza kama bado una afya, na hakuuliza kwa mapenzi.

Ambróz anakusalimu. Nilimwuliza mara mbili kama nimesikia sawa. Kumbe wafungwa wenzake walikuwa wamesikia jina lake redioni kabla hawajakamatwa, na alipofika kambini walimpisha alale karibu na jiko, wakamwita yule wa Vrbianka. Anasema majira ya baridi ya kwanza yangemmaliza kama si jiko lile. Alinieleza hayo jana tu, huku akiangalia kando, kwa sababu anajua nilivyo. Nilikasirika naye, tukalala bila kusemezana. Sijakusamehe kwa ajili ya jiko, lakini nimeona si haki nikufiche.

Mungu akulinde huko uliko, akupe mke mwenye akili, na akufunge mdomo.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda bado, ingawa nimejaribu kuacha,

Filoména.