Dawa ya Magugu Kando ya Bwawa

Jumatatu, 3 Machi

Ni langu! Lile shamba la kando ya bwawa. Mama amesema leo mbele ya dada na mbele ya shemeji: achukue fundi, yeye ndiye hana pa kulima. Fundi ni mimi. Miaka yote hii nashona nguo za watu, leo nina ardhi! Dada aliguna tu. Ana nyumba mbili, aniache.

Jioni nikaenda kuliangalia. Magugu yananifika kifuani. Nilisimama katikati nikacheka peke yangu kama mwehu, na hapo mtu akakohoa upande wa maji. Jirani. Ndiye aliyekodi bwawa, mwezi uliopita katia samaki wadogo humo. Mtu wa makamo, suruali kakunja hadi magotini, mshono wa mfuko umefumuka. Mfuko niliuona kabla ya uso — kazi ni kazi. Akasema, karibu jirani. Nikasema, asante, na wewe pia. Na wewe pia nini? Mjane wa miaka hamsini na mbili, nababaika kama mwali!

Jembe siliwezi, mgongo wangu ni wa cherehani. Itabidi dawa. Na mvua haziko mbali.

Jumanne, 4 Machi

Duka la pembejeo. Nimemwambia muuzaji nataka dawa ya magugu, shamba liko kando ya maji. Akanibwagia dumu jekundu kwenye kaunta. Hii, mama, ukipiga leo, kesho kutwa unakuta majivu. Na samaki? Akasema haina neno, yeye mwenyewe huinawia mikono. Nikaitazama mikono yake. Nikavaa miwani.

Lebo imeandikwa kwa herufi za kumkomoa msomaji, lakini mimi hutunga uzi kwenye sindano namba tisa. Nikaona picha: mti umekauka, na samaki kalala chali. Nikamgeuzia muuzaji. Akasema huyo samaki ni nembo tu ya kampuni. Nembo! Nilicheka mpaka wateja wakageuka. Nikarudisha dumu na kuondoka mikono mitupu.

Njiani nikajikuta naimba. Nani anaimba akitoka kukosa kitu dukani?

Alhamisi, 6 Machi

Bibi shamba kanipokea ofisini kwake, viatu vimejaa udongo, mezani kichwa cha kabichi kilicholiwa na wadudu. Nampenda huyu mama! Anajibu swali kabla hujamaliza.

Kasema dawa ninayoitaka ipo, lakini nisinunue kwa jina tu. Dawa ileile moja huuzwa kwa namna mbili. Ile ya kawaida imetiwa kiwandani kitu kama sabuni ili ikamate kwenye majani, na mara nyingi sabuni hiyo ndiyo inayowamaliza samaki na vyura kuliko dawa yenyewe. Inaharibu matamvua wanayopumulia. (Mimi matamvua nayajua ya vitambaa vya meza.) Namna ya pili haina sabuni, na lebo yake inasema wazi kwamba inaruhusiwa karibu na maji. Hiyo ndiyo yangu. Inakwenda polepole, nisiwe na pupa. Nisipige penye upepo, wala siku ya mvua. Na ukingoni kabisa nisipige chochote, niache ukanda wa upana wa sebule, huo nifyeke kwa mkono.

Mlangoni akaniita tena: na msiongeze sabuni ya kwenu. Watu wana tabia hiyo, wanamimina ya vyombo humohumo kwenye pampu.

Nikamwambia, mimi? Thubutu.

Jumamosi, 8 Machi

Dawa nimeipata, duka la mbali, nyuma ya stendi. Lebo nimeisoma mara mbili na muuzaji akasoma na mimi.

Halafu — jirani! Nilimweleza yote, la sabuni, la upepo, la ukanda. Akasikiliza kichwa kainamisha, kama mtu anayepimwa kola. Kisha tukaenda kupigilia vigingi vya kuonyesha mpaka wa ukanda, yeye anashika, mimi napiga. Nikampiga kidole. Akasema si kitu, anavyo vingine. Ukanda wa ukingoni tutafyeka pamoja, panga analo yeye.

Tulipokaa kupumzika akaniambia habari zake. Alikuwa dereva wa malori. Ameacha kazi na kuuza kila alichokuwa nacho, kakitia kwenye maji haya. Samaki wakifa hana pa kurudi. Alisema bila kulalamika, anaosha panga. Akauliza, una hakika na hiyo dawa, fundi? Nikasema, nina hakika. Basi, akasema, mimi sina wasiwasi.

Hana wasiwasi! Kwa neno langu tu! Nimerudi nyumbani nikapiga pasi nguo zilizokwisha kupigwa pasi.

Jumapili, 9 Machi

Hakuna la kuandika. Nimeshona mfuko wa suruali ya mtu.

Jumatano, 12 Machi

Dada kapita. Kaniuliza kwa nini nakwenda shamba nimevaa hereni. Nikamwambia jua linakuwa kali. Kaniangalia mpaka nikacheka, naye akacheka, tukashikana mabega kama tulivyokuwa wasichana. Kasema mumewe ana pampu ya mgongoni na atakuja Ijumaa kunipigia dawa, maana mimi na pampu ile tutaanguka pamoja. Shemeji ni mtu mwema. Hasemi sana, akishika kazi haachi.

Habari ya sabuni nimeshamweleza dada, mama, mteja wa gauni la zambarau na mwalimu wa nyumba ya pili. Wa gauni alisema, mimi nilikuja kupimwa tu.

Ijumaa, 14 Machi. Asubuhi

Hewa imetulia, jani halitikisiki. Redio imesema hakuna mvua leo wala kesho. Shemeji kafika na pampu, glavu na buti, kanitaka maji tu. Dawa nimempimia mwenyewe kwa kifuniko chake. Anachanganya pale bombani. Jirani kaja na chupa ya chai na vikombe viwili. Viwili! Na sisi tuko watatu, wanne na dada. Naandika upesi, jirani ananiita.

Ijumaa hiyohiyo, mchana

Nitulie niandike vizuri.

Nilikuwa nimekaa na jirani kwenye kibanda chake cha kando ya bwawa. Ananisimulia jinsi alivyokesha njiani na lori la mayai. Nacheka mpaka chai inanimwagikia. Nikatupa macho shambani nione kazi imefika wapi. Shemeji karibu amalize, anashuka kuelekea vigingi, nyuma yake majani yanang'aa. Yana povu.

Nilimfuata. Nikamuuliza taratibu. Akasema ndiyo, kila pampu ametia sabuni ya vyombo kidogo, ya maji, ili dawa ishike. Si kila mtu hutia? Alisema kwa fahari. Alikuwa ameileta kutoka kwake, ya limau.

Mji mzima nimeueleza habari ya sabuni. Sikumweleza aliyebeba pampu! Nilikuwa natazama vikombe.

Dada alisikia. Kanivuta kando: nyamaza. Povu litakauka, wala halijaingia majini. Samaki hufa kwa mambo mengi, nani atajua? Usimharibie mume wangu jina, usijiharibie na wewe jambo lako. Alisema jambo lako na kutazama kibandani.

Nikatazama juu. Redio ilisema hakuna mvua. Upande wa ng'ambo mbingu ilikuwa nyeusi kama bitana ya koti.

Nilirudi kibandani nikamwambia. Lote, nimesimama, sikujitetea. Jirani aliweka kikombe chini. Hakuniangalia. Akauliza, kila pampu? Kila pampu. Akaenda kuleta majembe.

Tumechimba mtaro kufuata vigingi, sisi wanne, udongo tunautupa upande wa maji uwe ukuta. Shemeji machozi yanamlenga, anasema alitaka kusaidia tu. Dada kavua viatu na kuchimba. Mimi niliyesema jembe siliwezi nimelishika mpaka viganja vimetoka malengelenge. Mvua ilitukuta kwenye kona ya mwisho.

Sasa tumekaa kibandani mimi na jirani. Dada na shemeji wamekwenda kutafuta magunia ya kuongezea. Karatasi inalowa. Maji kutoka shambani yameingia mtaroni, yana povu pembeni, yanapanda. Ukuta umeshika. Mpaka sasa umeshika.

Nilimuuliza kama niende nyumbani. Kasema, uende wapi na mvua yote hii? Kaa. Hakusema kwa upole, hakusema kwa hasira. Nimekaa. Naogopa kweli, na humohumo ndani ya hofu moyo unaruka kwa sababu kasema kaa. Aibu gani hii!

Samaki karuka. Katikati ya bwawa, mmoja, kisha mwingine karibu na ukingo. Tumesimama wote wawili. Sijui samaki huruka kwa kufurahia mvua au kwa kukosa pumzi. Nimemgeukia jirani nimsome usoni. Naye kanigeukia mimi, anasubiri nimwambie.