Mwisho wa "Mlinzi wa Bwawa"

Kaka yangu mpenzi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi, na huyo mtoto ambaye hata meno yake ya kwanza nimeyajua kwa maandishi tu. Kile kikohozi cha vumbi la kiwandani kimekuacha? Na wifi ameacha kuinua ndoo kama tulivyomkataza, au bado anajifanya chuma? Mimi mwili hauniumi, ila chakula kimenisusa, na hata chai naimaliza kwa kujilazimisha. Baba ni mzima wa mwili. Macho ni yale yale: anajua dirisha liko wapi na ukuta uko wapi, basi. Nyumba nzima anaitembea kwa kiganja, na akikuta nimesogeza kiti inchi mbili nasemwa hadi jioni.

Barua yako ya kusema umepata likizo na mnafika tarehe ishirini na nane niliipata Jumanne. Niliisoma dukani nikiwa nimesimama nyuma ya kaunta. Nilipaswa kuruka kwa furaha. Badala yake nilikaa juu ya boksi la mikanda mibovu ya video, bosi akaniuliza kama nimefiwa. Sababu nitakueleza, na nakuomba usiikunje barua kabla hujaimaliza. Lakini kwanza nikujibu ulichouliza, yaani picha gani nikuwekee ili tukae sote watatu tuangalie kama zamani. Nikianza na hilo lingine sitaweza kurudi kwenye picha.

Mpya zilizoingia mwezi huu ni nne. "Mpiga Ramani" wameisifu mno, wateja wanaiandikisha kwa foleni. Mimi nasema ni mtu anatembea. Anatembea mlimani, anatembea jangwani, anakaa, anachora mstari, anatembea tena. Milima ni mizuri, sikatai, lakini ningetaka milima ningenunua kalenda. "Harusi ya Jumatano" ndiyo ya kuchekesha. Humo yumo mpishi anayemficha bwana harusi kwenye kabati la vyombo, nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Tatizo ni bibi harusi: analia macho makavu. Mtu akilia namna ile nyumbani kwetu ataulizwa anatafuta nini. "Kesi ya Vitasa Vitatu" usiiguse, mwuaji unamjua kabla hujakaa vizuri kwenye kiti. Hayo yote nimeyaandika kwenye vile vikadi ninavyobandika juu ya maboksi. Bosi ananilalamikia kwamba navunja biashara, ila wateja wanaviamini kuliko picha za kwenye majalada. Wanasema yule binti wa dukani hapambi maneno. Kaka, nikilisikia hilo siku hizi natamani ardhi inimeze.

Zinazokuja mwezi ujao ni mbili za kungoja. Moja ni ya mwanamke anayeendesha treni ya mizigo na hataki kustaafu. Nimeona vipande vyake kwenye mkanda wa matangazo, na uso wa yule mama peke yake unatosha. Nyingine ni ya mapacha wanaogombea duka la marehemu mama yao, nayo naiogopa kidogo, maana watu wa picha wakishika ugomvi wa ndugu hawajui kuumaliza. Humaliza kwa bunduki au kwa wimbo.

Ya nne kati ya zile mpya ni "Mlinzi wa Bwawa", sehemu ya pili. Hiyo ndiyo iliyonifikisha hapa.

Wewe hujakaa na Baba tangu macho yake yazime, kwa hiyo hujui tunavyoangalia. Kila Jumapili mchana, baada ya kula, nawasha deki, yeye anakaa kiti chake cha mbao hatua tatu kutoka kwenye televisheni, mimi nakaa pembeni namsimulia. Picha nyingi ni za lugha za watu, kwa hiyo namsomea na maandishi ya chini. Usidhani ni kazi rahisi. Mtu aliyeonyesha sinema miaka ishirini na sita, mpaka jumba likageuzwa ghala la magodoro, humdanganyi hivi hivi. Nikimwambia huyu amehuzunika ananikatiza. Anasema huzuni haionekani, nimwambie mikono ya mtu inafanya nini, huzuni ataiona mwenyewe. Basi nimejifunza. Anakunja leso. Ameshika ukingo wa meza. Anafunga kifungo kilichokwisha fungwa.

Mwaka jana tuliangalia "Mlinzi wa Bwawa" ya kwanza. Kama hukuiona, ni mzee anayelinda bwawa la maji pamoja na wanawe wawili. Mdogo anakufa maji, mkubwa anamwambia baba yake mbele za watu kwamba ni yeye aliyemuua, baba anamfukuza. Nilipoichukua dukani sikujua inahusu nini, Mungu shahidi. Tulipofika katikati nilitaka kuizima nikasema mkanda umekwama, lakini Baba alikuwa ameinama mbele, ameshika magoti.

Sina haja ya kukukumbusha siku ya maziko ya Mama. Hata hivyo niache niiandike, kwa sababu nyumbani haitajwi. Ulisimama waombolezaji wakiwa bado wamekaa, ukasema Baba ndiye aliyemuua Mama kwa kumzuia asipasuliwe. Baba akakwambia usikanyage tena mlangoni kwake. Huo ni mwaka wa tano sasa.

Mwishoni mwa ile picha kijana anarudi, mvua inanyesha, anagonga mlango. Kwa dakika mbili nzima hakuna neno, ni mvua na kugonga tu. Mzee yuko ndani, anasikia, hafungui. Kijana anaondoka. Asubuhi wanamkuta mzee amefia kitini. Mimi niliyaona hayo, lakini Baba alikuwa amegeuza uso upande wangu, akaniuliza kama amefungua. Kaka, katika picha zote tulizoangalia hajawahi kuniuliza swali kabla sijasema. Nikajibu amefungua. Nikamwambia mzee anampokea mwanawe koti lililolowa, analikung'uta, analitundika kwenye msumari. Niliitunga ile mikono pale pale, tena niliitunga vizuri. Baba alishusha pumzi, halafu akaniuliza kama siku hizi unaniandikia barua.

Sasa sehemu ya pili imekuja, na safari hii wameitia sauti za lugha yetu. Baba alipata habari redioni akafurahi mno. Alisema hatimaye atasikia mwenyewe, nami nitapumzisha koo. Nikaanza kupiga chenga. Wiki ya kwanza nilisema mikanda yote imeazimwa. Wiki ya pili nikasema kichwa cha deki kichafu. Yeye fundi, akanielekeza jinsi ya kukisafisha. Nikasafisha deki iliyokuwa safi, kisha nikasema mkanda nimeusahau dukani.

Alhamisi iliyopita nikiwa kazini alimwita jirani yetu, yule mama fundi cherehani, akamwomba apite dukani saa yangu ya chakula, nikiwa sipo. Bosi akampa mkanda kwa moyo mweupe. Mama wa watu akauweka kwenye deki, akabonyeza, akarudi kwenye nguo zake. Picha yenyewe inaanza makaburini. Neno la kwanza kabisa ni la yule kijana, anasema baba yake alimsikia akigonga na hakumfungulia.

Nilipofika nyumbani nilimkuta amekaa mbele ya televisheni iliyozimwa. Aliniuliza mzee wa ile picha ya kwanza alikufaje. Nilijaribu kusema labda wamebadilisha hadithi, watu wa picha hawaaminiki. Akarudia swali lile lile kwa sauti ile ile. Nikamweleza yote, mvua, kugonga, kiti. Akauliza na koti je. Nikasema hakukuwa na koti. Cherehani ya jirani ilikuwa ikianza na kusimama, ikianza na kusimama. Kisha akauliza, polepole, kama mtu anayepapasa ngazi kwa mguu, barua zako nilikuwa namsomea zilivyo?

Kaka, hapa ndipo nilipokuwa naogopa kufika.

Sikuwa namsomea zilivyo. Barua yako ya kwanza baada ya picha ile ilisema nisimtajie mzee jina lako. Mimi nilimsomea kwamba unamwamkia kwa heshima na unaomba radhi. Ile ya mtoto kuzaliwa uliandika kwamba mwanao hatamjua babu aliyemwacha bibi yake afe. Nilisoma kwamba mtoto ana masikio ya babu yake. Nami nikikuandikia wewe nilifanya vile vile. Baba hakuwahi kukutumia salamu hata moja. Hakusema anakukumbuka akisikia mtu anapiga mluzi njiani. Hakusema mambo ya Mama yamepita. Na yale maneno yaliyokufanya uombe likizo, kwamba mlango uko wazi, uje na familia, niliyatunga mimi juu ya kaunta, kati ya mteja mmoja na mwingine. Nilidhani mkishaonana mengine yatajipanga yenyewe. Nilitaka niwe na ndugu tena. Niliwachezea wote wawili, na sina pa kuficha uso. Nisamehe, na kama huwezi, nitaelewa.

Baba hakunipigia kelele, na ingekuwa afadhali. Aliniagiza nitoe barua zako zote, nizisome upya kuanzia ya kwanza, bila kuongeza wala kupunguza, na mama fundi akae kando yangu aangalie macho yangu yanapopita. Ndiyo, Kaka, nimewekewa msimamizi. Kazi hiyo ilituchukua Ijumaa na Jumamosi mchana. Pale uliposema ulimwona Mama akishika tumbo jikoni miezi mitatu kabla, na Baba akisema ni uchovu, mama fundi aliomba ruhusa atoke nje. Mimi niliendelea. Baba alikuwa ameweka viganja juu ya magoti, vimefumbuka, havisogei. Sijui mikono hiyo ilikuwa inasema nini, na sitathubutu kukutafsiria.

Tulipomaliza alisema jambo moja ambalo silielewi vizuri. Alisema yule mwana mwenye adabu niliyekuwa namsomea mwaka mzima alimchosha, alikuwa hajui amjibu nini, kama mgeni aliyekosea nyumba. Huyu mwenye hasira anamjua, ni wake.

Nilimwambia umeshapata likizo na wifi ameshaanza kufunga mizigo. Nikamwuliza nikuandikie usije? Jana asubuhi aliniita, akamwita na mama fundi, akasema niandike maneno yake. Barua hii yote mama fundi atamsomea kabla sijaifunga, pamoja na sehemu ninazojiaibisha, hilo ndilo sharti lake. Aliyoyasema ni haya:

"Sikukuita. Kuhusu mama yako, ulisema kweli nusu. Nilisema ni uchovu, na nilikataa apasuliwe, kwa kuwa niliogopa kubaki peke yangu. Sikuwahi kumwambia mtu. Nusu nyingine siwezi kuisema kwa karatasi inayoandikwa na mdogo wako. Ukitaka kuisikia, njoo na hasira yako hiyo hiyo, uniambie tena mbele yangu yale ya siku ile, halafu unyamaze uniache nami niseme. Usije kwa heshima. Ukija kwa heshima sitajua ni nani aliyeingia."

Hayo ni yake, neno kwa neno. Mama fundi ameyasoma mara mbili na kutia sahihi pembeni, utaiona.

Kwa hiyo safari ni yako kuamua. Kama utakuja, wifi na mtoto wafikie kwa mama fundi kwanza, amekubali, na mimi nitakaa nao huko. Sitakuwa chumbani. Msiniite kuniuliza nani alisema nini. Kama hutakuja nitajua ni kwa ajili yangu, na nitaendelea kukuandikia hata usiponijibu, ila mambo yangu tu, na picha.

Nisalimie wifi sana, mwambie kitenge alichonipa nimekishona. Mbusu mtoto kwenye shavu la kushoto na la kulia kwa niaba ya shangazi yake. Mama fundi anakusalimu, hilo ni kweli, yuko hapa ananitazama. Baba hajatuma salamu. Nimemwuliza mara mbili.

Ni mimi mdogo wako,

Kasuku