Njia Isiyo na Msafiri

Kwako Dada yangu,

Nakusalimu kwa heshima na mapenzi, nikitumaini barua hii itakukuta umeketi kwenye kiti kigumu kama daktari alivyoagiza, si umesimama jikoni ukimwambia kila mtu huumwi. Shemeji hajambo? Kile kikohozi kimempungua, au bado anawaamsha majirani nacho? Wapwa zangu nawasalimu mmoja mmoja. Yule mkubwa mwambie mjomba ameipata picha yake, na kwamba masharubu yale hayajaamua kama yanaota au yanaondoka. Mimi ni mzima wa mwili. Nimechoka tu, Dada, uchovu ambao nikilala naamka nao.

Barua yako niliipata Jumanne ya wiki iliyopita. Umesema nyonga itapasuliwa mwisho wa mwezi, kwamba wiki mbili hutaweza kujiinua mwenyewe, na kwamba unanitaka nije kukaa nawe, maana Shemeji akiona bandeji tu miguu inamlegea. Halafu ukaongeza kwamba kazi ikiniita nikiwa huko niondoke bila wasiwasi, utaelewa, kama ulivyoelewa wakati wa Mama. Maneno hayo niliyasoma nimesimama, nikakaa, nikayasoma tena. Kabla sijakujibu, kuna jambo inabidi ulijue. Ukishalijua, wewe ndiye utakayeamua kama unanitaka kando ya kitanda chako.

Nianze na kazi yenyewe, kwa sababu miaka yote hii umewaambia watu mdogo wako anatafuta njia ya kwenda kwenye nyota, na mimi sijawahi kukueleza sawasawa. Unalikumbuka koti la Baba lililotoboka mfuko? Alikuwa anatia ufunguo mfukoni, kisha anakuja kuupapasa chini kabisa, kwenye pindo. Ufunguo haukukimbia. Ulipita kwenye tundu. Sasa, nuru haina kinachoishinda mbio, na bado nuru ya nyota iliyo jirani zaidi na jua letu inasafiri miaka minne na zaidi kutufikia. Lakini kama anga nalo lingekuwa na tundu kama la ule mfuko, anayepita humo angetokea upande wa pili kabla ya nuru iliyozunguka njia ndefu, tena kwa mwendo wake wa kawaida. Tundu hilo hakuna aliyewahi kuliona. Liko kwenye karatasi zetu tu, na hata kwenye karatasi lina tabia ya kujifumba. Ili likae wazi unahitaji nishati ya ajabu inayosukuma nje pale ambapo vitu vyote tunavyovijua vinavuta ndani. Swali letu lilikuwa moja: ukiipata nishati hiyo kidogo, tundu litakaa wazi muda wa kutosha mtu kupita?

Idara yetu ni vyumba vitatu juu ya ghala la vitabu, na feni moja inayozunguka ikijisikia. Profesa ni mtu mdogo wa mwili, anavaa sweta mbili hata jua likiwaka, na ana sheria moja isiyovunjwa. Kila hesabu kubwa hufanywa na watu wawili, kila mmoja chumbani kwake, tangu mstari wa kwanza, bila kuulizana hata kwa jicho. Majibu hutiwa kwenye bahasha, na Jumatatu saa ya chai Profesa huzifungua mbele ya wote. Yakilingana, tunasonga mbele. Yasipolingana, chai inapoa.

Hesabu ya tundu ilianguka wiki ile ya Mama, sasa ni miaka tisa. Ya kwanza ilikuwa ya mwenzangu tuliyemwita Bwana Rula, kwa kuwa hata orodha ya sokoni aliipigia mstari. Ya pili ilikuwa yangu. Utakumbuka nilivyokuaga siku ya sita ya kumuuguza, begi mkononi, nikakuambia Profesa amepiga simu na hesabu haiwezi kusubiri. Ulinifungia chakula cha njiani. Siku nne baadaye Mama akafariki, na mimi sikuwepo.

Hesabu ile, Dada, sikuifanya. Siku tatu nilikaa mbele ya karatasi nikaandika kichwa cha habari tu. Siku ya nne Bwana Rula alikuwa ameshamaliza, na bahasha yake ilikuwa kwenye meza ya mhazili, haikufungwa kwa sababu gundi ya ofisi ilikuwa imekauka. Mhazili alikwenda kuchemsha maji. Nikaitoa karatasi, nikainakili, nikairudisha. Nikageuza tarakimu ya saba ya jibu ili isionekane ni nakala. Jumatatu Profesa alizifungua zote mbili, akaiona ile tofauti ndogo, akawaambia wote kwamba hivyo ndivyo kazi ya uaminifu inavyoonekana. Tundu linakaa wazi, alisema. Wakapiga makofi, na mimi nikapiga.

Juu ya jibu hilo tumejenga miaka tisa. Watu wawili wamepata shahada ya uzamivu kwa jibu hilo. Profesa anastaafu mwaka huu na kitabu chake kilikuwa tayari kwa mchapishaji, akanipa kazi ya kuandaa kiambatisho cha mwisho, yaani hesabu ile ile. Nikasema angalau mara moja niifanye kweli. Nimeifanya mara tatu, wiki tano nzima, mpaka macho yakavimba. Bwana Rula, na mistari yake yote iliyonyooka, alihesabu tundu likiwa tupu. Hakumtia msafiri. Msafiri ana uzito wake, na uzito huo ukishaingia, koo la tundu linabanwa na kujifumba kabla hajafika hata nusu. Mtu yeyote ambaye angeanza tangu mstari wa kwanza angeliona kosa hilo. Sheria ile iliwekwa kwa ajili ya kosa kama hilo.

Juzi asubuhi nilikwenda kumweleza Profesa. Nilimwambia yote, bahasha, gundi, tarakimu ya saba. Alisikiliza huku ameshika chaki, akaenda ubaoni, akaandika uzito wa msafiri mahali ulipokosekana, akafuata mistari kama kumi, akaacha. Aliiweka chaki chini. Akasema kitabu hakitatoka, na kwamba atawaandikia wale wawili mwenyewe. Nilidhani atanifukuza. Badala yake aliuliza wiki ile nilikuwa na nini. Nikamwambia mama yangu alikuwa anakufa. Akavua miwani. Alisema nilipomwomba ruhusa nilitaja mambo ya nyumbani tu, naye alinipa mwezi mzima, na hakuelewa kwa nini nimerudi baada ya wiki moja. Angejua, alisema, angeniambia nikae huko hata mwaka, nyota hazina haraka.

Hilo ndilo nililotaka ulijue, Dada. Hakuna aliyenipigia simu. Nilikuwa na mwezi mzima. Siku ya tano jioni Mama aliniomba nimgeuze ubavu, nikamshika, nikahisi mifupa tu mikononi mwangu, na sikuweza tena kuingia chumba kile. Nilikuachia wewe. Ulimgeuza peke yako siku zile nne, na nina hakika nyonga yako ilianza kuharibika hapo. Uliniandikia kwamba mpaka mwisho alikuwa akimwambia muuguzi kwamba mwanawe ameitwa, hawawezi bila yeye. Ulidhani unanifariji. Miaka tisa umenitetea kwa watu kwa uongo wangu mwenyewe, nami nilikuacha unitetee kwa sababu ilikuwa rahisi.

Naomba unisamehe kama unaweza. Kama huwezi, mwambie Shemeji anijulishe kwa simu, nami sitabisha. Nisiposikia neno, nitafika siku mbili kabla ya upasuaji. Ila nakuomba uiondoe ile ruhusa yako ya kuondoka. Usinielewe safari hii. Nikianza kusema kazi inaniita, ufunge mlango na ufunguo ukae nao wewe.

Nisalimie wote wa nyumbani, na wanaoniuliza waambie ukweli. Nakuombea mifupa myepesi na daktari mwenye mkono mzito wa usingizi.

Ni mimi mdogo wako, nijuaye sasa kumgeuza mgonjwa: nimekwenda hospitali ya hapa wiki nzima kujifunza.